Oili ya Mwaloni

"Mama Leonardi, hivi mbona siku hizi mzee wako akipasua mbao kunanuka mwaloni?"

Hyasinta aliuliza hivyo asubuhi moja ya Jumanne, mwaka wa tisini na mbili, beseni la samaki kichwani, mkono mmoja kiunoni. Hakuwa na maana mbaya. Alikuwa amepita njia ya chini, kwenye shamba la bibi Pelagia, akaona moshi umetanda juu ya mvule ulioangushwa, na pua yake, iliyozoea harufu ya mwaloni, pale ufukweni anaponunua samaki botini kila alfajiri, ikamwambia jambo ambalo yeye mwenyewe hakulielewa.

Marcelina alikuwa anaanika mihogo juu ya jabali nyuma ya nyumba. Aliinua uso.

"Kunanukaje mwaloni?"

"Ule moshi, mwenzangu. Siyo ule wa zamani. Huu wa sasa ni moshi wa boti kabisa. Nimejikuta nageuka kutafuta boti imeegeshwa wapi, na ziwa liko kule chini!" Hyasinta alicheka mpaka beseni likatikisika. "Au mzee siku hizi anavua juu ya mti?"

"Akipata sangara wa mvule nitakuita uje umuuze."

"Niite, nitamuuza!"

Walicheka wote wawili, Hyasinta akaenda zake. Marcelina aliendelea kugeuza vipande vya mihogo, kimoja kimoja, lakini alipofika mwisho wa jabali aliona kwamba alikuwa amevigeuza vingine mara mbili. Swali la jirani lilikuwa limekataa kuondoka naye.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kanisa. Padre wa misheni alikuwa ametangaza kwamba Askofu angekuja kigangoni kutoa kipaimara, na kigango kile hakikuwa na benchi hata moja. Watoto thelathini na wanne wa kipaimara walikuwa wanakaa juu ya matofali. Bibi Pelagia alisimama baada ya Misa akasema anautoa mvule wake, ule uliokuwa unatia kivuli kaburi la mumewe. Watu walipomwuliza kama ana hakika, alijibu, "Marehemu ana kivuli kingine sasa." Basi mvule ukaangushwa, na kazi ya kuupasua akapewa Bernado, mume wa Marcelina, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na msumeno wa mnyororo.

Msumeno ule ulikuwa wa pili katika maisha yao. Wa kwanza ulikufa mwaka themanini na tatu. Huu waliupata kwa kuuza ng'ombe wote, na zizi lilibaki tupu likaota mchicha, mchicha mzuri ambao Marcelina aliuchuma kila wiki bila kuusemea kitu. Ukifa huu, hakuna wa tatu. Hilo halikuhitaji kusemwa ndani ya nyumba ile. Lilijulikana kama idadi ya vyumba inavyojulikana.

*

Siku hiyohiyo mchana Marcelina alipeleka chakula shambani. Alimkuta Bernado amepiga goti juu ya gogo, mgongo umelowa jasho, unga wa mbao umemjaa nywele mpaka akaonekana mzee kuliko miaka yake hamsini na minane. Wanaume wawili wa kigango walikuwa wanashikilia ubao kwa pembeni. Msumeno ulikuwa unanguruma, kisha ukapandisha sauti nyembamba, ukazimika wenyewe.

"Inapumzika," Bernado alisema, akaupigapiga mgongoni kama mnyama. "Inachoka, kama mimi."

Marcelina alisimama na kapu lake. Sauti ile nyembamba aliijua. Ilikuwa kama mtu aliyekwamwa na kitu kooni ambaye hataki wageni wajue. Miaka tisa haikumsahaulisha. Lakini Bernado hakuweza kuisikia, maana miaka mingi ya kushika mashine zile karibu na kichwa ilikuwa imemmaliza masikio. Kijiji kizima kilijua nyumba ya Bernado jana wamekula nini, kwa sababu mkewe alimwuliza kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Baba Leonardi! Inakwaruza!"

"Nani anakuja?"

"Hakuna mtu! Mashine inakwaruza!"

"Aa." Alitabasamu. "Haiwezi kukwaruza. Hii oili ya shemeji ni ya nguvu. Umesahau bei ya dukani? Huyu Felisian Mungu ambariki."

Mmoja wa wale wanaume alisema polepole, kwa kujua kwamba mzee hasikii, "Mama anataka kuwa fundi," na mwenzake akacheka. Marcelina alisikia. Aliweka kapu chini, akawatilia ugali nao pia, vipande sawasawa na vya mumewe.

Walipokuwa wanakula alisogea karibu na msumeno, akanyoosha mkono juu ya silinda, akaurudisha haraka. Ulikuwa unaunguza kama chuma cha kuchomea. Akainama, akanusa. Hyasinta hakukosea. Kulikuwa kunanuka mwaloni.

Na mwaka themanini na tatu pia kulinuka hivyohivyo. Mwaka ule dukani hapakuwa na oili wala sabuni wala chumvi, na kila kitu kilikwenda kwa mgao. Ushirika wa wavuvi ndio uliopata oili kidogo. Marcelina mwenyewe alitembea mpaka ufukweni kumwomba mdogo wake, Felisian, akarudi na chupa mbili ndani ya khanga. Bernado akampa kijana wake wa kazi, Ryoba, achanganye na petroli. Wiki tatu baadaye msumeno wa kwanza ukapandisha sauti ile nyembamba, ukanoki, usiwake tena. Bernado akasimama mbele ya watu akasema Ryoba ameuza oili kwa magendo na kutia kidogo. Mwaka ule wa kuwasaka walanguzi, neno hilo moja lilitosha mgambo kuja mlangoni. Ryoba hakungoja waje. Alikunja shati lake la pili, akashika njia ya Bunda, jua likiwa bado juu. Marcelina alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, sufuria mkononi. Hakusema kitu, ingawa hakuamini kwamba Ryoba ni mwizi.

Tangu hapo, kila aliposali Baba Yetu, alifika pale pa kuomba kusamehewa makosa, sauti yake ikapungua.

*

Kesho yake alasiri alishuka mwaloni. Felisian alikuwa ndiyo anaingia. Alizima injini ya boti, akaruka majini, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Habari za ziwani?"

"Nzuri, tumeambulia. Chukua wawili wale, mpelekee shemeji."

Marcelina hakuwatazama samaki. Aliingia majini na gauni lake, mpaka kwenye mkia wa boti, akaweka kiganja juu ya injini. Akakiacha pale. Ilikuwa na joto la ugali uliosahauliwa mezani.

"Mbona haiunguzi?"

"Itaunguzaje, dada? Inakunywa ziwa." Felisian alifurahi kuulizwa. Hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kumwuliza habari za injini yake. "Huku chini inavuta maji, yanazunguka mwili mzima, halafu yanatokea hapa. Unaona hiki kitundu? Ikiwaka inakojoa hapa kama mtoto. Ukiona haikojoi, zima haraka. Dakika chache tu inanoki."

"Kwa hiyo na oili yake imezoea kupozwa."

"Ndiyo yake hiyo. Imetengenezewa maji."

"Na ikitiwa kwenye mashine isiyokojoa?"

Felisian alikuwa anakunja nyavu. Mikono yake ilisimama. Alimtazama dada yake, kisha akatazama dumu lililokuwa ndani ya boti, la rangi ileile ya lile alilompa shemeji yake mwezi uliopita.

"Dada," alisema, "mimi nilijua oili ni oili."

"Hata mimi, baba."

"Na ile ya zamani? Ile ya mgao?"

Marcelina alitoka majini, akakamua pindo la gauni. Aliwachukua wale samaki wawili, kwa sababu kuwaacha kungemwumiza mdogo wake zaidi.

*

Alhamisi alikwenda mjini, Mwisenge, kwenye duka moja la vipuri. Alimwambia Bernado kwamba anakwenda kutafuta uzi wa kushonea sare za kwaya.

Miaka ile ya shida duka kama lile lingekuwa na rafu tupu na kiberiti kimoja cha maonyesho. Sasa makopo yalikuwa yamepanda mpaka kwenye dari. Mekundu, ya kijani, ya bluu, mengine yana picha ya simba, mengine ya gurudumu. Marcelina alifika darasa la nne na kitabu cha nyimbo alikisoma bila kusita. Alianza kusoma makopo kutoka kushoto. Herufi alizijua zote, na zote hazikumwambia kitu.

"Mama, nikusaidie nini?" Muuzaji alikuwa kijana aitwaye Mayala, kalamu sikioni.

"Oili, mwanangu."

"Oili ya nini? Ya lori ipo, ya trekta, ya boti, ya pikipiki, ya gia."

"Ya msumeno."

"Seremala siku hizi wanatia oili kwenye msumeno?"

Wateja waliokuwa wameegemea kaunta waligeuka.

"Ule wa mnyororo," Marcelina alisema. "Wa petroli. Ya kuchanganya."

"Aa, ungesema! Chukua hii." Aliteremsha kopo la bluu. "Hii ndiyo bei ya juu. Wavuvi wote wanachukuaga hii."

Kwenye kopo kulikuwa na picha ya boti inayokimbia, povu nyuma yake. Marcelina alilishika kwa mikono miwili.

"Hii ni ya kitu kinachopozwa na maji. Nataka ya kitu kisichopozwa na maji."

Mayala alimwangalia. Mteja mmoja mnene aliyekuwa anangoja betri akasema, "Mpe ya jehanamu. Huko ndiko hakuna maji." Duka zima likacheka, na Mayala akacheka kwa sababu mteja wa betri alikuwa mteja mkubwa.

"Mama, hivi unanunua au unauliza?"

"Nauliza ili ninunue."

"Imeandikwa hapo kila kitu. Si unasoma?"

"Nasoma Kiswahili."

Mayala alilichukua kopo mikononi mwake, akalifuta kwa kitambaa pale alipokuwa amelishika, akalirudisha juu. Mikono ya Marcelina ilikuwa safi. Alikuwa ameinawa kwa sabuni kabla ya kutoka nyumbani, kwa kuwa alikuwa anakwenda mjini. Aliitazama kidogo, akaiingiza ndani ya khanga, akawaaga wote vizuri kama watu waliomkaribisha, akatoka.

Njiani alifikiri kwamba zamani walikosa cha kununua, na leo ameshindwa kuchagua, na mtu anarudi nyumbani mikono mitupu vilevile. Lakini hakukasirika sana. Alikuwa anamfikiria mtu mmoja. Watu wa pamba waliotoka Bunda walikuwa wakisema kuna Mkurya aitwaye Ryoba pale Nyasura ana msumeno wa mnyororo mwaka wa saba huu, na haujawahi kufunguliwa injini.

*

Ijumaa asubuhi Bernado alipokuwa anafunga viatu, Marcelina alipanda kwenye kigoda, akashusha kitu kutoka juu ya kasha la nafaka. Kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa kilichokuwa cheupe. Ndani yake kulikuwa na pistoni ya msumeno wa kwanza. Bernado aliitunza kama watu wanavyotunza hati ya shamba. Mtu akimbishia habari ya Ryoba, aliileta, akaonyesha ubavu ulivyochunika, akasema, "Tazama kazi ya mwizi."

Aliiweka mezani mbele yake. Kisha akaleta msumeno wa sasa, akauweka kando.

"Fungua ekzosi," alisema, na mkono ukaonyesha.

"Kwa nini?"

"Fungua tu, baba."

Bernado alikuwa mtu wa kubisha, lakini miaka thelathini na mitatu ya ndoa ilikuwa imemfundisha uso ule wa mkewe. Alitafuta spana. Alifungua skrubu mbili, akatoa ekzosi, akabeba msumeno mpaka mlangoni kwenye jua, akachungulia kitundu. Alivuta kamba polepole ili pistoni ipande. Akachungulia tena. Akarudi mezani, akachukua pistoni ya zamani, akaitazama ubavu. Akaenda tena mlangoni.

Mikwaruzo ilikuwa imeanza. Mifupi bado, kama ya kucha za paka. Lakini ilikuwa upande uleule.

Marcelina hakupiga kelele. Alisimama mbele yake amwone mdomo.

"Hii amechanganya nani?"

"Mimi," alisema Bernado.

"Oili imetoka wapi?"

"Kwa shemeji."

"Na ile?"

Bernado aliinua pistoni ya zamani. Marcelina alijigonga kifua kwa kiganja, mara moja, mara mbili, ili aelewe hata kama hasikii. "Ile niliiomba mimi. Kwa mikono hii. Ni ya boti. Boti inapozwa na ziwa, huu wetu hauna ziwa."

Mzee alikaa chini kwenye kizingiti. Kuku mmoja alikuja kumdonoa kamba ya kiatu, akamwacha. Aliigeuza pistoni kiganjani.

"Nilimwita mwizi," alisema mwishowe. Kama kawaida yake hakujua anapaza sauti kiasi gani, na kule kwenye njia mtu mmoja aligeuka.

"Wewe ulimwita. Mimi nilinyamaza." Marcelina alikaa kando yake, bega kwa bega. Aliuchukua mkono wake, akaanza kumtoa unga wa mbao kwenye kucha, kama alivyofanyaga zamani kabla hawajazaa.

"Na kazi ya Askofu?"

Alimwelekezea kidole upande wa Bunda.

"Nitamwambia nini, Marcelina?"

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu Leonardi azaliwe. Marcelina alimsogelea sikio, lile la kushoto lililokuwa na nafuu. "Ulichosema siku ile. Ila ukigeuze."

*

Walifika Nyasura Jumamosi saa tano, msumeno ndani ya gunia, pistoni ndani ya khanga ya Marcelina. Nyumba ya Ryoba ilikuwa ya bati, na uani kulikuwa na mbao zimepangwa vizuri, zimewekewa vijiti katikati zipate hewa. Bernado alizitazama mbao zile. Namna ile ya kupanga aliifundisha yeye.

Mwanamke aliyekuwa anafua alinyanyuka, mikono ina povu.

"Karibuni. Mmetoka wapi?"

"Nyegina," alisema Marcelina. "Tunamtafuta Ryoba. Huyu ni mzee Bernado."

Wankyo, mke wa Ryoba, alijifuta mikono polepole sana. "Kumbe ndiyo wewe," alisema. Hakuwaingiza ndani. Alitoa benchi akaliweka juani, ingawa kivuli cha nyumba kilikuwa hatua tatu tu. Akaleta maji kikombe kimoja kwa watu wawili, akarudi kwenye beseni lake. Walikaa. Jua liliwapiga. Bernado aliuliza kwa sauti, "Mbona hatukai kivulini?" na Marcelina akamshika goti.

Ryoba alirudi saa saba. Alikuwa amenenepa mabega, na ndevu zilikuwa zimeanza. Alipowaona alisimama langoni. Kisha akaja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mura," alisema Marcelina, akimwita kijana kwa lugha yake. Shikamoo ile ilikuwa ya desturi tu, haikuwa na joto lolote, lakini aliipokea.

Bernado alisimama. Alikuwa amejiandaa kusema taratibu, maneno ya watu wazima, ndani ya nyumba. Lakini masikio yake hayakumwambia sauti yake ilivyo, na moyo ulimpanda.

"Ryoba! Nilisema uliuza oili yangu! Hukuuza!"

Ng'ambo ya njia, fundi baiskeli aliacha kupiga nyundo. Wanawake waliokuwa bombani waligeuza vichwa.

"Nilisema mbele ya watu wewe ni mlanguzi! Mlanguzi hakuwepo! Oili ilikuwa ya boti! Niliipokea mimi, nikakupa mimi, ukachanganya kama nilivyokufundisha! Kosa lako ulinitii!"

Watoto walikuwa wamefika langoni. Marcelina alitaka kumvuta shati, kwa aibu ya macho yale yote. Aliangalia mkono wake uliokwisha nyanyuka. Akaurudisha mapajani.

"Mzee," Ryoba alisema, macho chini, "si lazima useme kwa sauti hivyo."

"Ee?"

"Mwache!" Wankyo aliacha nguo, akaja mbele. "Mwache aseme. Siku ile alisema kwa sauti gani? Baba yangu alikuwa Tarime, akasikia! Miaka mitatu alikataa ng'ombe zako za mahari, hatoi binti kwa mlanguzi. Mzee!" Alimpigia Bernado kelele usoni, na kwa mara ya kwanza siku ile Bernado alisikia kila neno. "Rudia! Jirani wa mwisho kule hajasikia!"

Bernado aligeuka upande wa njia. Alivua kofia. Akarudia yote, tangu mwanzo, kwa watu wa bombani na fundi baiskeli na watoto, na alipofika kwenye neno mlanguzi sauti ilimkatika, akaanza tena sentensi ile mpaka akaimaliza.

Mama mmoja pale bombani alisema, "Haya, tumesikia, baba," kwa upole, akatwika ndoo yake.

Wankyo aliinua benchi, na Marcelina akanyanyuka kumsaidia. Walilibeba wawili mpaka kivulini.

Ryoba alikuwa amekwisha chuchumaa, gunia limefunguliwa. Alitoa kifuniko cha tanki, akachovya kidole, akanusa, akakisugua kwa kidole gumba. "Ya boti," alisema. Akavuta kamba polepole, sikio karibu na silinda, kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Akavuta tena. Bernado alimtazama uso, maana ndio aliokuwa anaweza kuusoma.

"Msumeno bado una pumzi," Ryoba alimwambia Marcelina. "Lakini usiwashwe na hii tena, hata mara moja. Nitausafisha." Akamwaga petroli yote kwenye dumu kuukuu. "Mama, mkienda dukani msiulize ya msumeno, watu hawajui. Chukueni ya pikipiki. Zile zinazotoa moshi. Pikipiki nayo inapozwa na upepo tu, kama huu. Glasi moja ya chai kwa dumu la lita tano, na mtikise kila mnapotia."

"Ya pikipiki," Marcelina alisema. Alimkumbuka Mayala na orodha yake, ya lori, ya trekta, ya boti, ya pikipiki, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta na khanga ileile iliyokuwa na pistoni. "Aliitaja, mwanangu. Ilikuwa mbele ya macho yangu."

Pistoni ilimdondokea mapajani. Ryoba aliiona. Aliichukua, akaigeuza ubavu, akaipitisha kidole kwenye mikwaruzo. Alikuwa hajaiona tangu siku ile.

"Mmeitunza," alisema.

"Alikuwa anaionyesha watu," Marcelina alijibu. Hakutaka kumdanganya.

Ryoba alitikisa kichwa. Habari za benchi za kigango zilikwisha mfikia kwa watu wa pamba. "Mbao zimebaki ngapi?"

"Nusu ya gogo."

"Na Askofu?"

"Jumapili ya wiki ijayo. Watoto wanakaa kwenye matofali."

Ryoba aliingia ndani. Marcelina alimsikia anavuta kitu chini ya kitanda. Bernado alimwuliza mkewe kwa macho, na Marcelina akainua mabega, hajui. Wankyo alikuwa ameleta ugali na maziwa ya mgando, akaweka mbele ya mzee kwa mikono miwili.

Ryoba alitoka amevaa shati lingine. Mkononi alikuwa na mfuko wa tupa na kopo la oili lililofika nusu, jekundu, lina picha ya pikipiki. Akampa mkewe ile pistoni.

"Mpelekee baba yako," alisema. "Mwambie yule mzee alikuja mwenyewe."

Kisha akainama, akaubeba msumeno wa Bernado begani, bega la kulia, lilelile alilokuwa akibebea ule wa kwanza, akatoka langoni kuelekea stendi.